Jaketi la Kijani

Binti yangu alikuwa na miaka mitano aliponiuliza simu ilijuaje kwamba ni yeye kwenye picha, na hakuna mtu aliyeiambia. Nafundisha watoto kompyuta katika shule moja Ruiru, na swali kama hilo hunivimbisha kichwa. Nikamweleza kwamba mashine huonyeshwa picha nyingi, hii ndiyo, hii siyo, mpaka igundue yenyewe ni nini kinachojirudia.

"Sasa wewe ndiwe mashine," nikasema.

Wakati huo tulikuwa tumepata kijana mpya wa bodaboda wa kumtoa shuleni hapa Kiganjo, Thika, tunakoishi. Mimi nilikuwa na hofu. Thika ina bodaboda wengi mno, na mtoto wangu hupenda kila mtu. Basi nikapiga picha za yule kijana na za wenzake pale stejini wanapongojea abiria, nikamwonyesha: huyu ni wetu, huyu siye. Halafu nikamjaribu kwa picha nyingine ambazo hakuwa ameziona. Alipata zote. Nilimpigia makofi, nikajiona mama mjanja kuliko wote mtaani.

Alhamisi moja, nikiwa bado darasani, yule kijana akanipigia. "Mathe, mtoto hayuko. Mwalimu anasema ashabebwa na boda ingine."

Nilikaa sakafuni mbele ya wanafunzi. Nilipompigia mwalimu wake, alikuwa analia. "Alikimbia akapanda mwenyewe, akamwita uncle. Nikajua ni wenu." Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Mtoto anayeburutwa hupiga kelele, watu wakasikia. Wangu alikuwa ameenda akicheka. Njia ya kurudi Thika siikumbuki. Nakumbuka nikiomba Mungu kwa sauti, na kuwaza mambo ambayo mpaka leo siwezi kuyaandika.

Nikiwa karibu kufika, simu ikalia, namba nisiyoijua. Niliogopa kuishika. Alikuwa mwanamke.

"Pole mum, namba nimetoa kwa bag ya mtoto. Nilituma boda hajui mtoto wangu aniletee, ameniletea wako."

Akanielekeza kwake, nikamkuta binti yangu kwenye kochi, anakula mkate. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Kisha hasira ikanipanda, nikamuuliza kwani sikumfundisha.

"Alikuwa na jacket ya green," akasema. "Wetu ni green. Wale wengine ni orange."

Nikafungua zile picha. Kweli. Katika kila picha wetu alikuwa na helmeti na jaketi la kijani, na wenzake wote walivaa rangi ya machungwa. Mtoto alikuwa ametafuta kinachojirudia, kama nilivyomwambia. Uso haukuwemo katika hesabu yake hata kidogo.

Nilikuwa nimempigia yule kijana wetu simu aache kutafuta, nikamwelekeza tulipo. Mlango ukagongwa, akaingia mtu mwembamba aliyelowa jasho, kichwa wazi, ana sweta tu.

"Mathe, ako sawa?"

Akapiga magoti amsalimie, machozi yakimlengalenga. Binti yangu akajificha nyuma yangu na kuishika sketi yangu kwa mikono miwili.

"Mami, huyu ni nani?"

"Ni wetu," nikamwambia. Lakini hata mimi nilikuwa nimemtambua kwa sauti tu.