Krismasi ya Jumanne

Jumanne ile mama aliamka, akavaa gauni lake la sikukuu, akajipaka mafuta, akaja jikoni kuniambia, "Krismasi njema, mwanangu." Krismasi ilikuwa Alhamisi. Nikamjibu njema na kwako pia, nikageukia sufuria ili asinione uso.

Alikuwa amekaa nami Doha karibu wiki tatu, katika chumba changu kimoja na jiko pale Al Mansoura. Mimi ni muuguzi, na muda wote huo nilikuwa nikimpima bila kumwambia. Ilianza hivi hivi tu. Jumatatu moja asubuhi nilimuuliza leo ni siku gani, akasema Jumatano, wala hakusita. Tangu hapo nikawa namuuliza kila nikirudi kazini, nikijifanya nimesahau, na kila mara anakosea. Siku nyingine akashuka lifti kwenye ghorofa isiyo yetu, akagonga mlango wa Wafilipino, wakamkalisha na kumpa wali. Alirudi amefurahi sana. Mimi nikaliweka hilo nalo kwenye orodha yangu ya dalili.

Bibi yangu, yaani mama yake mama, alianza vivyo hivyo. Alipoteza siku, halafu majina, mwishowe akawa anamwita mama "dada" na kumshukuru kwa wema wake kama mtu baki. Mama alimuogesha na kumlisha mpaka alipofariki. Sasa mama anaishi peke yake shambani, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Januari. Ningemwachia nani? Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi kwenye simu, imebaki tarehe tu. Niliogopa, nasema kweli, kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye wodi ya mahututi.

Lakini Jumanne hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya mapumziko na nilimwahidi matembezi. Alasiri nikampeleka kwenye kijiji cha mambo ya kale, uwanja wenye mahema na vibanda ambako watu huvaa kama babu zao na kufanya kazi za enzi hizo mbele ya wageni. Wazee walikuwa wakipasua chaza kutafuta lulu. Mwanamke mmoja alikuwa akitwanga ngano kwenye kinu, na mama akasimama kumkagua.

"Kwa hivyo huyu ameajiriwa kutwanga?"

"Ndiyo, mama. Anaonyesha maisha ya zamani."

"Zamani gani? Mimi nimetwanga mwezi uliopita."

Nikacheka, kisha moyo ukashuka. Aliyekuwa na ulimi mkali namna ile ndiye niliyekuwa najiandaa kumpoteza.

Hema lililofuata lilikuwa la ufumaji. Bi mmoja wa Kiqatari alikuwa ameketi chini mbele ya nyuzi nyekundu na nyeusi zilizotandazwa, akifuma bila haraka. Mama hakungoja kukaribishwa. Aliketi mkekani kando yake, akafungua mkoba na kutoa kitambaa cha kochi alichokuwa akikifuma tangu afike. Yule bi akakipokea, akakigeuza nyuma kukagua mafundo, akaweka kidole mahali rangi inapobadilika na kuuliza jambo kwa Kiarabu.

Mlinzi wa hema akasogea. Alikuwa Mzanzibari wa makamo, na tulipoingia tu, aliposikia Kiswahili chetu, alimwamkia mama shikamoo. "Bi mkubwa, anauliza hizi rangi zina maana gani."

"Mwambie nafuma mstari mmoja kila jioni," mama akasema. "Jumapili nikitoka kanisani nabadilisha uzi. Ndivyo ninavyohesabu siku. Kwa huyu binti yangu mapazia hayafunguliwi, maana akitoka zamu analala mchana."

Mlinzi akatafsiri, kisha akamgeukia mama akitabasamu. "Lakini mama, huku watu wenu wanasali Ijumaa. Mimi Mwislamu, ila nakaa njia ya makanisani. Kila Ijumaa foleni ya magari yenu hainipitishi."

"Ijumaa?" Mama alinitazama mimi, si mlinzi.

Miaka saba nimekwenda kanisani Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko nchini humu, na nimezoea kiasi kwamba sikukumbuka kumwambia mgeni wangu. Nilimwambia tu kesho kanisani, basi. Naye akaiita siku hiyo Jumapili, kama Mkristo yeyote mwenye akili timamu. Nikahesabu palepale. Jumatatu yangu ilikuwa Jumatano yake, Jumanne yangu Alhamisi yake. Kila kosa lilikuwa la siku mbili zilezile, halizidi wala halipungui, na mimi na uuguzi wangu wote sikuliona. Nikakinyakua kile kitambaa. Kila rangi iliyokamilika ilikuwa na mistari saba. Hakuna jioni hata moja aliyoisahau.

Niliketi mkekani nikalia kwa furaha, nikicheka na kamasi zikinitoka, mbele ya watalii na kamera zao. Yule bi akanimiminia gahawa, nadhani aliona nimefiwa. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile kikombe kichungu.

Mama alipotaka kujua kisa, nikamweleza yote: maswali, lifti, bibi, barua. Nilitegemea anigombeze.

"Kwa hivyo siku ulikuwa unaijua," akasema polepole.

"Naijua, mama. Nilikuwa nakupima tu."

Akashusha pumzi, mabega yake yote yakashuka nayo.

"Mungu ni mwema. Kila ukirudi kazini unaniuliza leo siku gani. Nikikujibu unanikodolea macho, halafu unaenda bafuni kulia. Nimekuombea kila siku, msichana wewe. Nilishaamini ni wewe umerithi ugonjwa wa mama yangu."