Siku Wilmar Bentancor Alipokubali Kupimwa Utumbo

Wilmar Bentancor hakuwa mtu wa kukaa. Jioni, watu wa mji wa Paysandú wanapoketi barazani na kibuyu cha mate, yale majani machungu yanayonywewa kama chai, yeye alikunywa yake wima, akilizunguka jiko lake la kuchomea nyama, akigeuza hiki na kusukuma kile. Kibanda chake kilitazamana na kituo cha mabasi, na sifa yake kubwa ilikuwa matumbo ya ndama. Aliyasafisha mwenyewe, akayasuka, akayachoma polepole hadi yakawa yanavunjika kwa mlio chini ya meno. Watu walivuka mto kutoka Argentina kuja kuyala.

Dada yake Elbia alimzidi miaka minane. Miaka miwili nyuma alikuwa amekatwa kipande cha utumbo kwa ajili ya saratani, akapona, akarudi nyumbani kwake Guichón kufuga kuku. Daktari wake alimwambia wazi kwamba ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe. Na ndugu alikuwa mmoja tu.

Wilmar alipoambiwa alisema sawa. Krismasi akasema sawa tena. Wiki ya Bia, ile sikukuu ya mji, akasema sawa, lakini si sasa, mji mzima umejaa wageni na wote wana njaa. Mara bomba limepasuka, mara mwenye bucha kachelewesha nyama. Elbia akachoka. Jumanne moja ya Juni, baridi ikiuma masikio, alishuka kwenye basi na sanduku dogo, akavuka barabara, akaingia kibandani wateja wakiwa katikati ya chakula.

"Nimekuchukulia siku," akasema. "Alhamisi mchana. Nimekuja kukulinda usile."

"Dada, watu wanakula hapa."

"Wao wale. Asiyekula ni wewe."

Nery, fundi wa pikipiki wa jirani, ambaye kiti chake cha kila siku kilikuwa kile cha karibu na moto, alicheka hadi akapaliwa.

"Ya ndama umeyasafisha miaka yote, Wilmar. Sasa ni zamu yako."

"Kula unyamaze, Nery."

"Nasikia wanapitisha kamera. Ukiiona, tabasamu."

Kibanda kizima kikacheka, na Wilmar akacheka nao. Lakini kipande cha nyama kilimponyoka kwenye koleo, kikaangukia majivuni, naye hakuwa na kawaida ya kuangusha nyama. Kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua. Tangu joto la Januari, kila siku mbili tatu, alikuwa akiona damu akienda haja kubwa. Alijiambia ni bawasiri. Alinunua mafuta ya kupaka kwenye duka la dawa la mbali, asikojulikana, akayaficha nyuma ya kopo la rangi. Damu haikusikia mafuta. Yeye naye akajifunza kuvuta maji bila kuangalia.

Jumatano haikuisha upesi. Elbia alikuwa amemkatazia kila kitu isipokuwa supu iliyochujwa hadi ikawa kama maji ya kuoshea sufuria, maji ya tofaa, na chai.

"Ulisema muuguzi karuhusu chai," Wilmar akamwambia asubuhi ile, kibuyu tayari kiko mkononi. "Mate ni chai."

"Mate ni majani. Weka chini."

"Majani hayashuki, yanabaki kibuyuni."

"Wewe unayavuta na mrija wa bombilla kama ng'ombe. Weka chini nimesema."

Akaweka chini. Akawasha moto wa wateja, lakini harufu ya mafuta yakidondokea makaani ilimtesa, na kabla ya saa sita akafunga kibanda. Hapo ndipo mashaka yalipoanza, kwani Wilmar bila kazi ni kama mbwa aliyefungiwa ndani. Alikwangua masizi ya miaka kwenye jiko. Akakaza bawaba ya mlango ambayo haikulegea. Akaweka ngazi, akapanda paani kutazama bati.

"Shuka," Elbia alimwita kutoka uani, sindano za kufumia mkononi. "Ukianguka watakupima mifupa, utumbo utabaki palepale."

"Bati hili linavuja."

"Halivuji. Ni wewe usiyetulia. Shuka, dawa yako iko tayari."

Dawa hiyo ya kusafisha utumbo ilikuwa unga uliokorogwa kwenye jagi kubwa. Ilikuwa na chumvi, na juu ya chumvi ladha ya ndimu, kana kwamba imetiwa na mtu aliyesimuliwa habari za ndimu lakini hajawahi kuiona. Wilmar alikunywa kikombe, akangoja. Akanywa cha pili, cha tatu. Hakuna kitu. Jua lilikuwa linazama, tumbo limemjaa kama ngoma, na bado hakuna kitu.

"Dada, hawa wamekuuzia chumvi tu."

"Ngoja."

"Nimengoja. Mimi tumbo langu ni la chuma. Naenda kumwambia Nery."

Alitoka kweli, akaenda hadi gereji, akamkuta Nery amechutama kando ya pikipiki. Akaanza kueleza kwamba mambo yote haya ni maneno ya kutisha watoto, kwamba ameshakunywa nusu jagi na yuko vilevile. Kisha akanyamaza katikati ya neno. Ndani yake kitu kilikuwa kimejigeuza, kikanguruma hadi Nery akainua kichwa kutazama pikipiki. Wilmar alisema "Usiku mwema," kwa heshima sana, akaanza kutembea. Alipofika kwenye nguzo ya umeme hakuwa anatembea tena. Nery hata hakupata nafasi ya kumtania.

Kutoka hapo ulimwengu wa Wilmar ukawa chumba kimoja chenye kigae kilichopasuka na taa ya waya. Alitoka, akafunga mkanda, akafika jikoni, akarudi mbio. Baadaye aliacha mkanda, na baada ya hapo akaacha hata kutoka. Elbia alivuta kigoda, akakaa nje ya mlango na kufuma kwake, akawa anampitishia vikombe kwenye upenyo.

"Uko hapo?" Wilmar akauliza.

"Nipo."

"Nenda ulale."

"Sikuja kulala. Kunywa."

Hata pale alipokuwa hakutulia. Magoti yalimrukaruka, visigino vikipigapiga sakafu, na Elbia aliusikia mdundo ule kupitia mbao. Ulikuwa mdundo alioujua kwa baba yao. Akaacha kufuma.

"Wilmar," akasema, "baba hakupigwa teke na farasi."

Ndani, visigino vikakoma.

"Unasema nini?"

"Yule farasi mwekundu. Hakumpiga teke baba wala mtu mwingine yeyote. Alikuwa mzee, hata nzi alimwacha apite."

Wilmar alikuwa na miaka tisa baba yao Eusebio alipofariki. Alichokijua ni kile alichoambiwa: baba, mchunga ng'ombe kwenye shamba la watu, alipigwa teke la tumbo, akapelekwa mjini, hakurudi. Mama alimuuza yule farasi wiki ileile, na Wilmar, aliyekuwa akimpanda bila tandiko, alimlaani mbele ya watu wote.

"Nguo zake nilikuwa nafua mimi," Elbia akaendelea. "Nina miaka kumi na sita. Mara ya kwanza kuona damu nilidhani amekalia miba. Nikamuuliza. Akaniambia, hili ni letu sisi wawili, mama yako asijue. Basi nikafua. Nikawa naanika nyuma ya zizi, watu wasione. Alikonda mbele ya macho yetu, na tukila anasema ameshiba. Alipoanguka na kupelekwa mjini, walimfungua tumbo, wakaona wamechelewa, wakalifunga. Habari ya farasi mama aliitunga mwenyewe. Aliona aibu. Mwanamume wa farasi kufa kwa farasi, hiyo watu wanaielewa. Kufa kwa ugonjwa wa huko nyuma, hapana."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Mama alipofariki ningesema, nikaona ya nini. Hadi nilipolala kitandani daktari ananiuliza, kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua hivi? Nikamwambia hapana. Ulimi wenyewe ulisema hapana, Wilmar. Kwa mazoea."

Maji yalikuwa yakijaa kwenye tangi la choo. Wilmar alikuwa amekaa viwiko juu ya mapaja, na hasira iliyompanda haikuwa na pa kwenda. Alitaka kutoka na kutembea hadi mtoni. Dawa haikumruhusu. Basi akabaki, na kwa kuwa alibaki, maneno yakamtoka.

"Dada. Mimi pia natoa damu."

Elbia alifumba macho. "Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

Wilmar alingoja kugombezwa. Hakugombezwa. Mkono wenye kikombe ulipita kwenye upenyo wa mlango, na alipokipokea, vidole vya dada yake vikaushika mkono wake kidogo kabla ya kuuachia.

"Kesho utamwambia daktari," sauti yake ikasema, "au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia. Sawa."

"Usiniambie sawa. Sawa zako nazijua."

"Nitamwambia kwa mdomo wangu."

Asubuhi alimaliza jagi la pili akiwa mwepesi na mwenye kizunguzungu, na kilichomtoka kilikuwa maji ya manjano yaliyo wazi. Walikwenda hospitali kwa teksi, Wilmar amekalia taulo kwa tahadhari. Huko wakamvua nguo zake zote na kumpa gauni linalofungwa kwa nyuma, tena kwa kamba mbili tu. Hakuweza kukaa. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akasoma bango la kunawa mikono, akaenda tena dirishani.

"Bwana Bentancor," muuguzi mmoja aitwaye Zulma akamwambia bila kuinua macho, "gauni hilo lina heshima upande wa mbele tu. Kaa chini."

Akakaa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Dokta Lacuesta, mwenye mikono midogo. Wilmar hakungoja aulizwe. Alisema haraka, kama mtu anayeruka mtaro kabla woga haujamshika.

"Natoa damu tangu Januari. Na baba yangu alikufa kwa ugonjwa huu, si kwa farasi."

"Farasi gani?"

"Hakuna farasi. Ndicho ninachosema."

Dokta Lacuesta alimtazama Elbia, Elbia akatikisa kichwa kuthibitisha, na daktari akaandika. Kisha wakamsukuma hadi chumba cha baridi chenye skrini. Wakamlaza ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Alihisi dripu ikipanda mkononi kama maji ya kisima. Alikuwa anataka kuwaambia kwamba dawa hii ya usingizi kwake haitafanya kazi, yeye si mtu wa kulala mchana.

Alipofumbua macho alidhani hawajaanza. Elbia alikuwa ameketi kando yake. Tumbo lilikuwa limejaa hewa, na hewa ile ikajitafutia njia kwa sauti ambayo siku nyingine ingemfanya ahame mji kwa aibu.

"Toa tu," Zulma akasema akipita. "Hapa tukisikia hivyo tunafurahi."

Dokta Lacuesta alivuta kiti, akakaa, na kwa kukaa kwake Wilmar akajua. Vinyama vitatu vimeota utumboni, akasema. Viwili vidogo, ameviondoa. Cha tatu ni kikubwa, kimeshika ukuta wa utumbo, hakikutoka. Amechukua kipande kipelekwe maabara. Hakutaka kubashiri, lakini hakutaka pia kumdanganya.

"Ungekaa bila kuja," akasema, "mwakani tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Siku za kungoja maabara zilimtafuna Wilmar kuliko njaa. Alitembea. Alikwenda bandarini na kurudi, akazunguka uwanja wa mpira, akachoma nyama ikaungua, na Nery akaila hivyohivyo. Majibu yalipokuja yalikuwa saratani, ya mwanzo. Julai akapelekwa Montevideo, akakatwa urefu wa shibiri moja ya utumbo, na Elbia akalala kwenye kiti kando ya kitanda chake, akikoroma. Tezi zilizopimwa zilikuwa safi. Hakuhitaji mfuko wa kubandika tumboni, wala dawa kali. Atapimwa tena mwakani, na jagi lile atalinywa tena.

Septemba alifungua kibanda, amepungua, suruali imefungwa kwa kamba, amekatazwa kubeba kreti. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa bado anaota farasi mwekundu, na alipoamka hakujua amwombe nani radhi.

Binti yake Yanina aliishi Salto, kwa mama yake zamani, sasa kwake mwenyewe. Alikuwa ameambiwa kwamba baba anafanyiwa "kitu kidogo cha tumbo." Asubuhi ile ya kufungua, kabla ya moto kushika, Wilmar alimpigia simu.

"Baba, niko kazini."

"Najua. Nikingoja utoke sitasema. Ilikuwa saratani, Yanina. Ya utumbo. Imetoka. Shangazi yako alikuwa nayo, na babu yako ndiyo iliyomuua. Yale ya farasi ni uongo."

Alisikia simu za ofisi zikilia nyuma ya binti yake, na mtu akicheka mbali.

"Kwa hiyo na mimi?"

"Na wewe utapimwa. Daktari anasema uanze mapema kuliko wenzako. Nitakupeleka mwenyewe."

"Inauma?"

"Kupimwa hakuumi, unalala. Kunywa ndiko kubaya. Halafu usiende mbali na choo, hata ukijiona uko vizuri. Hasa ukijiona uko vizuri."

Yanina alicheka kidogo, kisha akalia, kisha akasema Jumapili anakuja, anataka kujua kila kitu. Alikuja na basi la asubuhi. Wilmar aliweka nyama motoni, akavuta viti viwili, na kwa kuwa maswali ya Yanina yalikuwa mengi, akayajibu yote, hata yale ya aibu, akiwa ameketi.