Nyumba ya Tom Obonyo Iliponyamaza

Watu wa Dunga, ufuoni mwa ziwa, wanasema injini ya boti ikikataa kuwaka, Tom Obonyo huiongelesha mpaka ione haya. Ni fundi mzuri, hilo halina ubishi, lakini mdomo wake ndio uliotangulia kujulikana. Akifungua plagi anasimulia, akiifunga anasimulia, na mvuvi aliyeleta injini huondoka na habari za ufuo mzima ambazo hakuziuliza.

Basi niambieni, nyumba ya mtu wa namna hiyo inawezaje kunyamaza? Ilinyamaza.

Ilianza Winny, bintiye wa pekee, alipoingia shule ya kulipia karibu na mtaa wa Migosi wanakopanga. Kwenye mkutano wa wazazi waliombwa waongee Kiingereza nyumbani ili watoto wazoee. Tom alitoka pale na bidii isiyo na breki. Yeye alisomea kijijini, nje ya Bondo, ambako mtoto aliyenaswa akisema Kijaluo alivishwa shingoni kibao kilichoitwa diski, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake. Alikichukia kibao kile utoto wake wote. Jioni hiyo akakata kipande cha mbao, akakitoboa, akatia kamba. Binadamu ni kiumbe wa ajabu.

Wa kwanza kukivaa alikuwa yeye mwenyewe, kabla chai haijapoa. Wa pili alikuwa mkewe Nasipwondi, mzaliwa wa Bungoma, aliyezoea kumwimbia mtoto kwa Kibukusu akimsuka nywele. Walicheka sana. Kisha kicheko kikaisha, kwa kuwa Kiingereza cha Tom kilikuwa cha vipuri na risiti. Ukitoa "eat", "sleep" na "very good", ghala lilibaki tupu. Nasipwondi akawa anasuka kimya. Mke na mume walingoja mtoto alale ndipo wanong'one Kiswahili chao kama wezi. Winny, ambaye macho yake hayapitwi na kitu, akaona kwamba afunguaye mdomo ndiye avishwaye kibao. Akafunga wake.

Muhula ulipofika katikati, mwalimu aliwaita. Winny hakuwa akisema neno darasani, kwa lugha yoyote. Kwa upole akauliza kama masikio yake yamewahi kupimwa. Yakapimwa, yakakutwa mazima. Tom amewahi kukumbwa na dhoruba katikati ya ziwa boti ikiwa imezimika, lakini hofu aliyorudi nayo kutoka hospitali hakuwa ameijua. Mtoto aliyekuwa akipiga domo kumshinda yeye alikuwa amepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, naye ndiye aliyempoteza.

Aliyemwambia ukweli ni jirani yao Zuleha, anayekaanga mandazi kwenye lango la ploti wanamoishi. Watoto wa Zuleha huongea Kiswahili nyumbani, Kijaluo uwanjani na Kiingereza shuleni, na madrasani husoma Kiarabu, wala hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa.

"Baba Winny, nikuambie kitu na usikasirike?"

"Sema tu, Mama Zuhair."

"Mtoto hachoti kwa mtungi mkavu. Wewe unampea Kiingereza kidogo ya kuomba chai, atajifunza nini hapo? Mpee ile unayo. Muongeleshe Kijaluo yako yote, mama yake amuongeleshe Kibukusu, mimi nitampea Kiswahili hapa kwa mandazi. Kiingereza muachie mwalimu, mtoto ataipata tu. Na usimuulize maswali. Wewe ongea."

"Na asiponijibu?"

"Kwani injini hukujibu?"

Diski iliingia jikoni kwa Zuleha siku hiyohiyo, ikasaidia kukaanga mandazi.

Tom akaanza kuongea. Alimpeleka Winny Dunga kila Jumamosi, akamtajia kila samaki na kila spana, akamweleza kwa nini injini hukohoa na ni mvuvi gani hudanganya ukubwa wa mbuta wake. Nyumbani nyimbo za Kibukusu zikarudi. Winny alisikiliza, akashika spana vizuri, asijibu. Wiki zikaenda. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," Zuleha alimkumbusha, lakini Tom alikuwa ameanza kuchoka kuungoja mshindo wenyewe.

Likizo ya Aprili mama yake Tom, Dorca, ambaye Winny humwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo, akaja kutoka Bondo. Siku hiyohiyo Maximilla, mama wa Nasipwondi, akafika kutoka Bungoma kushinda tu, maana mama mkwe halali kwa binti yake. Tangu harusi wazee hawa wawili walikuwa wametabasamiana tu: mmoja Kijaluo, mwingine Kibukusu, na Kiswahili chao wote kikiishia kwenye salamu. Nasipwondi aliwaacha na Winny, akakimbilia sokoni kununua samaki.

Tom alirudi kutoka kazini, akaona viatu vya mama mkwe mlangoni. Mkwe haingii kiholela, hukohoa, akangoja. Alikuwa ameshavuta pumzi akohoe alipomsikia mama yake akimwambia Winny kwa Kijaluo:

"Mwambie huyu mama nimetaka kumshukuru tangu harusi, nikakosa mdomo."

Kisha ikaja sauti ndogo, kavu kidogo kwa kukaa bure. Ilisema Kibukusu. Tom hajui Kibukusu. Alisimama nje ya mlango wake akimsikia mwanawe akisema kwa urefu, bila kukwama, maneno ambayo yeye babake hakuelewa hata moja. Wapi mtoto huyu alikuwa ameyaweka yote haya?

Maximilla akajibu polepole. Winny akageuza kwa Kijaluo, Kijaluo cha ufuoni, chenye madaha yote ya Tom mwenyewe:

"Dani, anasema watu walimkataza kumleta mama huku mbali. Alikubali sababu ya baba. Aliona baba anaongea sana, akasema nyumba ya mtu wa kuongea, binti yake hatakuwa na upweke."

Tom alishika fremu ya mlango. Ndani mmoja wa wazee alikuwa analia na mwingine anacheka, hakujua yupi ni yupi. Akakohoa, ila kikohozi kilitoka vibaya, na Winny akachungulia nje.

"Daddy, wait," akamwambia kwa Kiingereza. "We are still talking."

Tom akafungua mdomo, akakosa neno katika lugha zote alizonazo. Akakaa chini kando ya viatu vya mama mkwe, akangoja.