Ziwa la Wifi

Fundi cherehani alipojifungua mapacha wa kike, majirani walimtania kwamba Mungu kampa matiti mawili kwa makusudi, asije akapata kisingizio. Alicheka nao. Baba watoto, mchomelea mageti, aliwapa majina ya utani tangu wodini: aliyetangulia Bonge, aliyefuata Kijiti, maana miguu yake ilikuwa kama njiti za kiberiti.

Kicheko hakikudumu. Ziwa la kushoto lilivimba likawa gumu kama jiwe, homa ikampanda, wakamrudisha hospitali kupasuliwa jipu. Bonge alikwenda naye, akinyonya ziwa la kulia. Kijiti alibaki kwa wifi wa fundi, dada wa mumewe, ambaye naye alikuwa na mtoto mchanga na maziwa ya kumwagika. Wifi hakusubiri kuombwa. Alimweka Kijiti upande mmoja, mwanawe upande wa pili, maisha yakaendelea.

Fundi aliporudi, kidonda kimeshafunga, alimpokea binti yake kwa mikono miwili. Kashatoka mashavu! Alimshukuru wifi yake, na shukrani ilikuwa ya kweli. Kisha akatoa ziwa. Kijiti akanusa, akakunja uso, akageukia kule ilikotoka sauti ya shangazi yake.

"Usijali wifi, atazoea," alisema wifi, na vifungo vya blauzi ameshavifungua.

Usijali! Neno lile lilimchoma kuliko kisu cha daktari. Akatazama vidole vya mwanawe vikipapasa kifua cha mwanamke mwingine, macho yakilegea kwa raha. Angekuwa kanyang'anywa mume, angejua matusi pa kuyaanzia. Sasa huyu utamtukana vipi, mtu aliyekulindia mtoto?

Lakini wivu hauna adabu. Mara wifi anambembeleza kwa sauti kubwa mno. Mara anamwita Kijiti "mwanangu". Mara nguo za mtoto zinanukia mafuta ya wifi. Fundi akazifua, akazifua tena, akazisugua hadi mshono ukaachia, mshono aliouweka mwenyewe. Mwishowe akatunga uongo.

"Wifi, nesi kanikataza. Anasema mtoto anyonye kwa mama yake tu."

Wifi alimtazama. "Haya. Nesi ndiye anayejua."

Kijiti alilia mpaka sauti ikamkauka. Akipewa ziwa anatupa kichwa nyuma kama anayenyweshwa dawa chungu. Bonge, upande wa pili, anavuta zake bila habari. Mume akarudi kutoka kazini, akasimama mlangoni, miwani ya kuchomelea ingali kwenye paji la uso.

"Mama watoto, unanyonyesha au unashindana?"

Fundi alimfunga Bonge mgongoni, akampakata Kijiti, akavuka uchochoro. Alimkuta wifi yake anajikamulia maziwa kwenye bakuli, blauzi imelowa, macho mekundu.

"Wifi, nesi hakusema kitu. Ni wivu tu."

"Nilijua. Nesi gani huyo, na wewe hujatoka nje tangu juzi?"

Wakacheka, kicheko cha kukwaruza koo.

"Nionyeshe unavyompakata."

"Huyu hataki kulazwa mapajani. Mtie kwapani, miguu iende nyuma, kama umebeba mkoba." Wifi alinyoosha mikono kumsaidia, akairudisha. Akamchukua Bonge, akatoka nje na kurudishia mlango.

Kijiti alipiga kelele, akatafuta, akaachia, akatafuta tena. Kisha akashika. Maziwa yakashuka, kovu likamuuma hadi begani, na fundi akauma meno asije akamshtua.

Toka hapo Kijiti alinyonya kote kuwili mpaka alipoachishwa, na mama yake aliridhia. Wivu haukuhama, ulipungua tu makali. Hata sasa mabinti wanakimbia uani, na Kijiti akianguka akaanza kulia, fundi huondoa mguu kwenye cherehani, asikie anamwita nani.