Watoto Wasioshuka

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, siku niliyouogopa mlango. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mgeni hapa Saint Paul, Amerika, hata mwaka ulikuwa haujaisha tangu tutoke kambi ya wakimbizi. Shule zilikuwa zimefungwa, na watoto waliozoea kula mchana shuleni walibaki nyumbani bila chakula. Kwa hiyo kanisa letu lilikuwa likileta chakula kwa gari jeupe hadi kwenye majengo ya wapangaji: sandwichi, matunda, maziwa. Hakuna aliyeulizwa karatasi za utambulisho. Mtoto anakuja, anakula.

Watoto walitoka kila mahali wakikimbia, isipokuwa nyumba moja ya ghorofa ya tatu. Honi ya gari ilipolia, pazia la pale lilisogea, nyuso ndogo zikachungulia, kisha kitu kikazivuta nyuma.

Nikapanda kuwaita. Korido ilikuwa na joto, kimya. Ndani nilisikia mtoto akicheka, lakini nilipobisha, kicheko kikakatika kama kimezibwa kwa kiganja. Nikainama. Chini ya mlango niliona vivuli vya miguu midogo, imesimama tu, haisogei.

"Hapa hapana watoto," ikasema sauti ya mwanamke mzee, kwa Kiswahili cha kwetu Kivu, Kongo. "Walikwisha."

Nikashuka mbio kwa Mama Furaha, mkubwa wetu katika ugawaji, nikamwambia kuna watoto wamefichwa mle ndani, tuwapigie polisi.

"Polisi wafanye nini?" akaniuliza. "Wavunje mlango, wawachukue? Umemuuliza anaogopa nini?"

Sikuwa nimemuuliza.

Akachukua boksi moja la chakula, tukapanda wote. Hakubisha hodi. Aliketi sakafuni pale koridoni, akataja jina lake, la baba yake, na kijiji chao kule Fizi. Kisha akaanza kula taratibu, akisema kila anachokula. "Sasa nakula tunda. Sasa nakunywa maziwa." Nikasikia mtu akipumua upande wa pili, karibu kabisa na mlango.

Yule mzee akasema, "Hata wale wa kule kwetu walikuja na gari jeupe. Walipiga honi, wakagawa biskuti. Watoto waliopanda hatukuwaona tena."

Mama Furaha hakumwambia kwamba huku ni Amerika, asiogope. Alisema tu, "Pole sana, mama. Kesho hatutapiga honi. Shuka wewe kwanza, uonje."

Kesho yake bibi yule akashuka. Alionja kila kitu, hata maziwa. Akachungulia ndani ya gari, mpaka chini ya viti. Ndipo akageukia dirishani akawaita wajukuu: Baraka, Neema, Espérance, Amani.

Walishuka watatu, wakala kwa pupa. Bibi akaendelea kuutazama mlango wa jengo.

"Amani," akaita tena, kwa upole.

Nilitaka kuuliza kama Amani alikuwa miongoni mwa wale waliopanda lile gari. Mama Furaha akanibana mkono, kisha akaweka boksi la nne kwenye meza yetu ya kugawia.

Mwanangu, nawe utapeleka chakula kwa watu. Asiyekufungulia usimwite mkaidi, wala usikimbilie kumshtaki. Keti, ule mbele yake, umsikilize. Huenda ameona ambayo wewe hukuyaona. Na akimwita mtu usiyemwona, mwekee nafasi. Mungu akupe mkono wa kutoa na moyo wa kungoja mlangoni, na watoto wako, siku utakayowaita, waitike wote.