Mvivu wa Kivuli cha Ghala

Mama mkwe wangu aliniita mvivu kabla hajalizoea jina langu. Aliniita hivyo mbele ya majirani, mbele ya kuku, na hata mbele ya mume wangu siku alizokuja likizo kutoka mashamba ya chai ya Kericho. Kosa langu lilikuwa moja: jua la Januari lilipofika utosini, niliweka jembe chini nikaenda kuketi.

Niliolewa karibu na Keroka miaka ile ya baada ya vita vya pili vya dunia. Nyumbani kwetu, upande wa Mosocho, mama alikuwa amenifundisha kusuka ekee, kikapu cha mabua ya wimbi ambacho sisi Abagusii tunapakulia ugali. Bua la wimbi halitaki haraka. Ukilisuka kavu linakatika. Sharti ulilowanishe, ulifunike kwa jani la mgomba, ulingoje lilainike. Mimi na bua tulifanana. Nilikuwa na mimba ya kwanza, miguu imevimba, na saa sita mchana sikuwa na nguvu za kulima hata tuta moja.

Kwa hiyo nililima alfajiri, nyasi zikiwa bado na umande. Jua likikaza, nililowanisha mabua yangu, nikalala chini ya paa la ghala mpaka yalainike, kisha nikasuka mizunguko miwili mitatu. Nikichoka niliacha. Sikuomba ruhusa ya mtu.

"Mwanamke hulala mchana akiwa mgonjwa au akiwa amekufa," mama mkwe alisema. "Wewe ni yupi?"

"Mimi ni wa tatu, mama. Ninasuka."

Alifyonya akaenda zake.

Mwezi ule binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa. Wakwe wangekuja kula, na ugali wa wageni kama hao hauwekwi kwenye kikapu kilichokwenda upande. Nyumba nzima huchekwa. Wake wa wanawe tulikuwa wawili, na kila mmoja alitakiwa kuleta ekee yake.

"Yako isipokuwa tayari," akaniambia, "mume wako akirudi atakukuta kwa mama yako."

Hakuwa anatania. Niliogopa, sikatai. Hata hivyo sikurudi juani.

Mwenzangu, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, alilima mpaka alasiri, halafu akasuka mbiombio mabua ambayo hayajalainika. Yalimkatikia ukingoni, akawa anachomeka vipande. Nilimwita aje kivulini.

"Unataka tufukuzwe sote wawili?" alinijibu.

Mimi nikaendelea na uvivu wangu. Siku moja, nikiwa nimelala tu na macho wazi, niliona jua likipenya kati ya fito za ghala na kuchora mistari ya mshazari juu ya tumbo langu. Mchana wote niliowahi kuinama na jembe haukuwahi kunionyesha kitu. Nilizika mabua kwenye tope la bondeni mpaka yakawa meusi, nikaisuka ile mistari ipande kwa mshazari kutoka kitakoni hadi ukingoni. Sijawahi kuona ekee ya namna hiyo kwa mtu yeyote. Jumamosi kanisani, maana sisi ni Wasabato, mhubiri akatukumbusha kwamba Mungu alipumzika siku ya saba, nami nikakasirika pale pale kwenye benchi. Aliyeumba mlima na mto alipumzika, halafu mimi ninayeumba kikapu niambiwe nisiketi?

Siku ya wageni, ekee ya mwenzangu ilifumuka ukingo ugali ukiwa moto ndani yake. Mama mkwe aliiondoa upesi, akaleta yangu. Mama wa bwana harusi aliizungusha mikononi, akafuata ile mistari kwa kidole, akauliza imesukwa na nani.

Mama mkwe angeweza kusema ni yeye, na hakuna ambaye angembishia. Lakini akasema, kama mtu anayetema mwiba, "Ni yule mvivu."

Watu walicheka. Sikuinamisha uso. Niliinuka na tumbo langu mbele yao wote, nikaitika, "Ndimi."

Kesho yake jua lilipofika utosini, niliweka jembe chini. Mama mkwe alikuwa bado analima, jasho likimtiririka. Aliniona nikipita, akainamia tena tuta lake bila kuniita mvivu. Nilipoketi nilisogea kidogo, nikamwachia nafasi kivulini. Hakuja siku ile, na mimi sikurudi shambani.