Mlio wa Kirikuu cha Adamu

Ukishuka Chanika, pale Handeni mjini, ukamwuliza mtu akuonyeshe fundi wa ekzosi, hatakuuliza unamtaka yupi. Atakuelekeza kwa Mwinjuma. Vijana wenye magari humwita Mzee Masega, na yeye hulipokea jina hilo kwa uso mkavu, ingawa moyoni hulipenda.

Masega ni lile kopo lililo kwenye bomba la ekzosi, ndani lina vitundu vidogo vidogo vya kuchuja moshi. Yakizeeka huziba, gari likaanza kuhema kama mgonjwa wa pumu. Mwinjuma huyakata, akaunga bomba tupu mahali pake, na gari likitoka hapo linapanda kilima linaunguruma. Wengine huja masega yao yakiwa mazima kabisa, wanataka tu nguvu na kelele. Hao nao huwakatia. Moshi unaotoka bila kuchujwa ameuvuta mwenyewe kwa miaka ishirini na kikohozi anacho, lakini ukimwambia hivyo atakuuliza kama umekuja kutengeneza gari au kutibu watu.

Jambo moja ni la haki kumsifia: sikio. Kila gari alilolikata hulijua kwa mlio. Atakuwa ameinama anachomelea, miwani myeusi usoni, na gari likipita barabarani atakwambia ni la nani, limebeba nini, na dereva ana haraka ya kweli au anajishaua.

Mtoto wao walikuwa naye mmoja tu, yeye na mkewe Fatu. Huyo alikuwa Adamu. Alikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akipeleka machungwa na mahindi Korogwe na kurudi na bidhaa za madukani. Miaka mitatu iliyopita kirikuu kilianza kushindwa vilima, magunia kumi yakawa mzigo wa kukidhalilisha. Baba na mwana wakakiingiza gereji siku nzima. Wakatoa masega, wakatoa na sailensa, wakaunga bomba nene lililotoka kwenye mashine mbovu ya kusaga. Mshono wa mwisho Adamu aliomba auchomee mwenyewe. Aliuchomea vibaya, una mabonge, na Mwinjuma alimcheka mpaka akakaa chini.

Mlio uliotoka haukufanana na wa gari lolote la barabara ile. Ulikuwa mzito, na dereva akiachia mafuta ulikohoa.

Nyumba yao iko Misima, hatua chache kutoka barabara ya Korogwe, na mbele yake kuna matuta mawili. Adamu akirudi alasiri aliachia mafuta kwenye tuta la kwanza, kirikuu kikakohoa. Akaachia kwenye la pili, kikakohoa tena. Fatu akisikia hivyo alibandika maji ya bada, ule ugali wa muhogo. Mpaka mwanawe ateremke, anawe na asalimie, maji yalikuwa yamechemka na unga umeshachekechwa. Hakuwahi kumpikia mapema bada ikapoa, wala kuchelewa.

Mwaka jana, baada ya Idi, Adamu aliugua ini. Wiki tatu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Baada ya arobaini gari likauzwa, maana Mwinjuma alishindwa kulitazama likiwa limekaa uani na kuku wamelala chini yake. Alilichukua Yatin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Korogwe, kijana wa Kihindi ambaye Adamu alikuwa akimbebea mizigo. Dereva wake, Sharifu, akawa anapeleka bidhaa Handeni kila Jumanne na Ijumaa. Njia ni ileile, na matuta ni yaleyale mawili.

Ijumaa ya kwanza Mwinjuma alikuwa nyumbani, maana siku hiyo hafungui gereji. Alasiri mlio ukaja. Ukakohoa. Ukakohoa tena. Mwinjuma alipogeuka kumtazama mkewe, Fatu alikuwa ameshainuka, anabandika maji.

"Mama Adamu," alimwita.

Fatu alichekecha unga, akasonga bada, akachuma mboga ya mchunga nyuma ya nyumba akaipika. Bada ilikuwa ya watu watatu. Walikula wawili, na iliyobaki akaipeleka kwa jirani yao Mwanaidi mwenye watoto wengi.

Ikawa hivyo kila Jumanne na kila Ijumaa. Siku zile nyingine zote Fatu hakugusa jiko. Walikula kiporo, au Mwanaidi aliwaletea chochote. Baada ya miezi miwili Mwanaidi alimsubiri Mwinjuma njiani.

"Baba Adamu, mtazame mwenzako. Anampikia marehemu. Watu wameanza kusema."

Mwinjuma hakulala vizuri tena. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye alikuwa mzazi pia, lakini wake alikuwa ameufungia gereji pamoja na misumeno. Kilichomla ni kwamba mlio uliokuwa unamtia mkewe wazimu aliutengeneza yeye, kwa mikono yake hii. Basi akaamua atauondoa. Mtu huyu aliyeweza kusikiliza injini nusu saa ajue inaumwa wapi, kwa mkewe hakuuliza hata neno moja. Alikata shauri peke yake, akaenda Korogwe.

"Shikamoo, mzee," alisema Yatin akitoka nyuma ya kaunta.

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya kirikuu. Nataka nikirudishie sailensa na masega yake. Sitaki malipo."

"Si wewe uliyeyatoa? Kina ubaya gani sasa?"

"Kinalia kikipita pale nyumbani."

Yatin alimtazama kidogo. "Ni mama?"

"Ni mama."

"Basi rudishia, mzee. Kikishindwa mzigo nitapunguza mabati."

Masega ya kirikuu alikuwa nayo bado. Wanunuzi wanaopita na viroba kukusanya masega ya zamani walikuwa wameyaulizia mara nyingi, akawanyima. Aliyaweka kwenye debe la unga chini ya meza, hata mwenyewe hakujua kwa nini. Jumanne iliyofuata, Sharifu aliingia gereji baada ya kushusha mzigo. Mafundi wenzake walisogea kumcheka Mzee Masega anarudisha masega. Waliponyamaza ni pale msumeno ulipofika kwenye ule mshono wenye mabonge, Mwinjuma akasimama, akaufuta vumbi kwa kidole gumba, kisha akaukata. Bomba hakulitazama tena. Jioni hiyohiyo alimpa mtu wa vyuma chakavu.

Ijumaa alikaa barazani akisubiri. Alasiri kirikuu kilipita. Kilipanda tuta la kwanza na la pili, kikaenda zake kimya kama magari mengine. Fatu alikuwa kwenye kigoda, sufuria ya maji imejaa pembeni yake, chekecheke mapajani. Hakugeuza kichwa.

Jua lilishuka. Adhana ya magharibi ilipoanza, Fatu aliuliza, "Leo halijapita?"

Mwinjuma akamwambia. Alimwambia yote, la Yatin, la sailensa, la bomba, akasema alifanya ili apate kupumzika.

Fatu aliondoa chekecheke mapajani, akaiweka chini.

"Wewe pia uliniona mwehu," alisema. "Mwanangu alitolewa kwenye mlango huu, nikiwa nimesimama pale. Hujui kama najua alipo? Siku mbili katika wiki nilikuwa nampikia Adamu. Siku mbili tu, Baba Adamu. Sikuomba zaidi."

Akainuka, akamwaga maji kwenye mgomba, akafunika sufuria.

Alfajiri Mwinjuma alikwenda kwa mtu wa vyuma chakavu. Lori la vyuma lilikuwa limeshaondoka tangu Alhamisi. Akafungua gereji, akajaribu mabomba ya mashine mbovu moja baada ya jingine, anapuliza, anagonga, anasikiliza. Hakuna lililofanana. Wanasema majuto ni mjukuu. Hata mjukuu Adamu hakuwaachia.

Jumanne hakwenda kazini. Alasiri Fatu alikuwa ndani amelala ubavu, uso ukutani. Kirikuu kilipita, na kwa sikio lake Mwinjuma alikitambua, chini kabisa ya ukimya ule, kikiachia mafuta mara mbili. Aliinuka akawasha moto. Hakujua maji kiasi gani, akajaza tu sufuria, akabandika.

Fatu alitoka kwa harufu ya moshi. Aliutazama moto, akamtazama mumewe aliyechuchumaa na chekecheke mkononi. Kisha akainama, akatoa kuni moja moja, akazizima kwenye mchanga.

"Hakuna anayekuja," alisema.